Skuli ya Mtoto wa Jirani ni Juu ya Nani?

Katika darsa zetu za baada ya Magharibi limezuka swali ambalo halikumalizika kwa usiku mmoja, nasi tumeona bora tuliandike ili wasomaji nao walipime. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyejaaliwa riziki, akamtoa mwanawe katika skuli ya serikali kwa kuwa mafundisho yake ni dhaifu, akampeleka skuli ya kulipia ambako mtoto asoma vyema dini na dunia, je, faradhi ya ilimu imemwondokea mtu huyo? Au amebakiwa na deni kwa ajili ya watoto aliowaacha nyuma katika darasa lile?

Wengi hujibu kwa haraka. Wako wasemao: kila mtu na mwanawe, mimi natoa kodi, na kazi ya kusomesha ni ya serikali. Na wako wenye huruma kidogo wasemao: kuwasaidia watoto wa maskini ni jambo jema, lakini ni suna, mwenye kutenda ana thawabu na asiyetenda hana lawama. Sisi twaona majibu yote mawili yana kasoro, na hili la pili lina kasoro iliyojificha zaidi, kwa sababu limevaa nguo ya dini.

Wanazuoni wetu wamezigawanya faradhi mafungu mawili: faradhi ya aini, ambayo ni juu ya kila mtu nafsi yake, na faradhi ya kifaya, ambayo ni juu ya umma wote, na wakiisimamisha baadhi yao huwaondokea waliobaki. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Husikia "wakiisimamisha baadhi", wakadhani kuwa mradi fulani na fulani wamefanya jambo, basi wote wametoka katika dhima. Kifaya maana yake ni kutosha. Lau mji umefikwa na maiti kumi, watu wakawasalia watatu, wakawazika, kisha wakarudi majumbani wakasema faradhi imesimama, hapana mwanachuoni hata mmoja atakayewakubalia. Wale saba waliosalia ni dhambi juu ya mji mzima, na dhambi hiyo ni nzito zaidi kwa aliyekuwa na uwezo wa kuwashughulikia akanyamaza. Imam al-Ghazali katika Ihya ameihisabu tiba na hisabu kuwa katika faradhi za kifaya, tena akawakemea watu wa zama zake waliosongamana katika fani moja yenye vyeo, hali miji yao haina tabibu Mwislamu. Na Imam al-Haramayn al-Juwayni alikwenda mbele zaidi, akaona kuwa mwenye kusimamisha faradhi ya kifaya ana fadhila juu ya mwenye kusimamisha faradhi ya aini, kwani huyu ajiokoa nafsi yake peke yake, na yule auokoa umma mzima na dhambi.

Basi tuulize: kusoma, kuandika na kujua hisabu kwa watoto wa mji wetu, kumetosha? Wala asidhani mtu kuwa twazungumza juu ya pambo. Sisi watu wa pwani tumekwisha kulipa thamani ya kutojua maandishi. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi, ikawataka wenye mashamba walete madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahisabiwa kuwa ni mali ya serikali. Aliyekuwa na mtu wa kumsomea na kumwandikia alipata hati. Wako waliokuwa wamelima ardhi ile tangu babu zao, na khabari ya karatasi haikuwafikia, au iliwafikia wasijue la kufanya nayo, na wajukuu wao hata leo huitwa wavamizi katika ardhi yao. Mashamba hayo hayakunyang'anywa kwa upanga. Yaliondoka kwa kalamu iliyokuwa katika mkono wa mtu mwingine.

Sasa tuitazame hali ya skuli. Wazee wetu wanakumbuka kuwa mwaka 1974 karo iliondolewa kwa darasa nne za mwanzo, lakini punde si punde wazazi wakatozwa fedha za majengo, ambazo mahali pengi zilizidi hiyo karo iliyoondolewa. Mwaka 1988 ikaja siasa ya kuchangia gharama, na mzigo ukarudi tena juu ya mabega ya mzazi. Kisha mwaka 2003 karo ya skuli za msingi ikafutwa. Watoto waliosajiliwa walipanda kutoka kiasi cha milioni 5.9 hadi kiasi cha milioni 7.2 katika muda wa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret. Hiyo ilikuwa kheri kubwa, na asiyeishukuru hana insafu. Walakini serikali iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na walimu hawakuongezwa kwa kadiri watoto walivyoongezeka. Zikawako darasa za watoto zaidi ya 100 mbele ya mwalimu mmoja.

Mlango ulifunguliwa, na ndani ya nyumba chakula hakikutosha. Uchunguzi wa Uwezo, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa katika kila watoto 10 wa darasa la 3 ni 3 tu walioweza kazi ya darasa la 2. Uchunguzi mwingine wa Benki ya Dunia wa mwaka 2012 ulikuta jambo la ajabu zaidi: walimu wengi waliokuwa wamefika skuli asubuhi hawakuwamo darasani mwao. Sisi tunaosomesha madrasa twayaona matunda yake jioni kwa jioni. Hutujia mtoto aliyeketi skuli miaka sita, akaulizwa asome mstari mmoja wa Kiswahili, lugha ya mamake, akababaika. Huyu amepewa kiti, na katika daftari ya serikali jina lake limeandikwa kuwa ni mwanafunzi.

Na hapa ndipo panapotubidi tukae kidogo, kwani ndipo lilipo jawabu la swali letu. Nini kilitokea baada ya darasa kujaa? Wenye uwezo waliondoka. Mwenye duka, karani wa bandari, dereva wa ng'ambo, na, tusifiche, hata mwalimu mwenyewe wa skuli ya serikali, kila mmoja alimshika mwanawe mkono akampeleka kwingine. Twadhani kuwa kilichoondoka ni mtoto mmoja na nafasi ikapatikana kwa mwingine, lakini haikuwa hivyo. Aliyeondoka ndiye mzazi aliyekuwa akijua kusoma hisabu ya skuli. Ndiye aliyekuwa akimwuliza mwalimu mkuu, mbona mwalimu wa hisabu hajaonekana tangu Jumatatu? Ndiye aliyekuwa na rafiki katika ofisi ya ilimu, akiandika barua hujibiwa. Choo kikivunjika, alikuwa akimtafuta fundi. Alipokwenda zake, hakuja mwingine kushika mahali pake, kwa sababu waliobaki ni mchukuzi wa mkokoteni na mama mwuza mahamri, ambao wakiitwa mkutanoni huketi nyuma, na wakiambiwa kuwa fedha hazikufika, huitikia. Skuli ikazidi udhaifu. Ikawa sababu ya mwenye uwezo mwingine, ambaye mwaka jana alikuwa akisitasita, naye kuondoka. Hivyo kila mmoja huikimbia skuli kwa ubovu wake, na kila anayekimbia huzidisha ubovu huo. Hapana aliyekusudia uovu, na madhara yamekuwa makubwa.

Ikiwa mambo ni hivi, basi yule asemaye kuwa kusaidia ni suna tu hakulitazama jambo vyema. Suna ni kuongeza juu ya lisilokupasa, na wewe kwa kuondoka kwako umekuwa sehemu ya upungufu uliopo. Hatusemi kuwa una dhambi kwa kuondoka. Twasema kuwa umebakiwa na deni.

Hapana shaka msomaji atatupinga kwa hoja yenye nguvu, nayo ilisemwa katika darsa yetu na kijana mmoja kwa uchungu: "Je, mwataka nimtoe mwanangu kafara? Mtoto ni amana yangu. Siku ya Kiyama nitaulizwa juu yake kabla ya kuulizwa juu ya mtoto wa jirani. Nikimwacha katika darasa la watoto tisini ili wenzake wapate faida ya kelele zangu, si nimemdhulumu?" Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Baba hana ruhusa ya kuipoteza amana aliyonayo mkononi kwa kuitarajia maslaha iliyo mbali, na mwenye kutuambia kuwa kila tajiri amrudishe mwanawe skuli ya serikali kesho asubuhi, huyo hatumwungi mkono. Lakini hoja ya kijana yule yathibitisha jambo moja tu, kuwa mtoto aweza kutolewa. Haithibitishi kuwa babake naye atoke. Mwili wa mtoto na ulimi wa baba ni vitu viwili. Waweza kumsomesha mwanao Nyali, na ukaketi katika halmashauri ya skuli ya mtaani kwako Kisauni. Sheria ya Ilimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka halmashauri kwa kila skuli ya serikali, na ndani yake haikuweka wazazi na walimu peke yao, bali pia watu wa mtaa.

Ama yule asemaye kuwa ni kazi ya serikali na yeye ametoa kodi, twamwambia kuwa amesema kweli nusu. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya ilimu ya msingi ya bure na ya lazima, na serikali haina udhuru. Imepokewa kuwa katika mateka wa Badr wale wasiokuwa na mali ya kujikomboa, wakawa wajua kuandika, Mtume (S.A.W.) alifanya fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari. Fidia ile ilikuwa mali ya umma, na umma wakati ule ulikuwa na haja nayo, kwa chakula na kwa silaha. Akaitoa yote kwa herufi za watoto. Basi hapana mtawala awezaye kutuambia kuwa hazina haina nafasi ya darasa. Lakini serikali ni wakili wetu, na katika fiqhi mwenye mali hatoki katika jukumu la kumwangalia wakili wake. Akimwona ala mali akanyamaza, kisha akasema "mimi nilimwakilisha", watu wamcheka.

Jambo la kuwapendelea wenye vyeo katika ilimu si geni, wala halikuachwa bila ya kukemewa. Msomaji aikumbuke sababu ya kuteremka Sura ya 'Abasa. Alikuja kipofu, Ibn Ummi Maktum, kutaka kufundishwa, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi akitarajia kusilimu kwao. Nia ilikuwa njema kupita kiasi, na hisabu ya kiutu ni kuwa mkubwa mmoja akisilimu huja na mia. Juu ya hayo ikateremka lawama kwa ajili ya kipofu mmoja aliyekuja kwa miguu yake kutaka ilimu. Yule kipofu hata sauti hakuinuliwa, bali uso tu ulikunjwa, jambo ambalo yeye hakuliona. Nasi leo mtoto wa mvuvi aja kwa miguu yake kutoka Likoni au Mtwapa, na hapati hata uso wa kumkunjia, kwani mwalimu hayumo darasani.

Hapa kwetu pwani pia tuna mfano. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu, Habib Saleh, aliyetoka Ngazija, alikaa upande wa Langoni akawasomesha watumwa walioachwa huru na watoto wao na wanyonge wengine, wakati ambapo wakubwa wa mji waliona ilimu ni urithi wa nyumba fulani fulani. Walichukia, naye akaendelea, na Riyadha ikawa chuo kinachoendewa na wanafunzi wa Afrika Mashariki yote. Wasomaji wetu wajua kuwa sisi twakhitalifiana na watu wa Riyadha katika mambo ya maulidi na matari, na hatujabadilisha rai yetu. Lakini haki husemwa hata kwa usiyeafikiana naye, na katika jambo hili la kumketisha mtoto wa mtumwa mkekani pamoja na mtoto wa sharifu, aliwatangulia wengi. Kisha Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, katika Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, aliwaamsha Waislamu wa Mombasa wadai skuli na wasomeshe wana wao, na wa kike kadhalika. Aliandika wakati ambapo wengi waliiogopa skuli kwa sababu ilikuwa mkononi mwa mapadri, na khofu yao haikuwa ya bure. Leo khofu hiyo imekwisha. Tumejenga skuli zetu za Kiislamu, nyingine nzuri sana, na twamshukuru Mungu. Lakini nyingi zina karo ambayo mvuvi hawezi kuilipa, na yule sheikh hakutoa magazeti yake ili Waislamu wenye mali waokoke peke yao.

Mwaka 2011 serikali ilijaribu dawa ya namna yake. Ilipoona kuwa watoto wa skuli za kulipia wachukua nafasi nyingi kupita idadi yao katika skuli kubwa za kitaifa, iliamua nafasi zigawanywe kwa hisabu ya watahiniwa wa kila upande. Wenye skuli za kulipia walilalamika kuwa alama ni alama. Rai yetu ni kuwa uamuzi ule ulikaribia insafu, kwani alama 350 za mtoto wa darasa la watoto 90 si sawa na alama 350 za mtoto mwenye mwalimu wa ziada nyumbani. Lakini ulikuwa ni kumfunga bendeji mtu aliyetoka damu miaka minane. Mtihani ule wenyewe ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya ulioanza mwaka 2017 umeleta haja mpya: gredi ya 7 iliwekwa tangu Januari 2023 katika majengo ya skuli za msingi, na nyingi ya hizo hazina chumba cha sayansi. Mtoto wa mwenye simu nzuri na mashini ya kuchapa nyumbani huandaa kazi yake kwa dakika kumi. Mwenziwe humwambia mamake atafute shilingi za kwenda kuchapisha.

Na jirani ni nani? Katika wasia, wanazuoni wa madhehebu yetu wamehisabu nyumba arobaini kila upande. Sisi twaongeza, bila ya kutoa fatwa, kuwa nyumba zetu zafika Garissa, Wajir na Mandera. Baada ya mauaji ya abiria wa basi Mandera mwaka 2014 na ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, walimu wengi wasiokuwa wenyeji waliondoka, na mwaka 2020, baada ya walimu wengine kuuawa, wengi zaidi wakahamishwa. Hatuwalaumu, kwani roho ni roho. Waliobaki bila ya walimu ni watoto wa Kiislamu. Vijana wetu waliosomea ualimu, ambao wasema lugha ya msikiti mmoja na watu wale, ni wangapi waliokubali kupelekwa huko? Twauliza tu.

Inabaki khabari ya mali, kwani watu wametuuliza kama zaka yafaa kutumika katika skuli. Jawabu lina pande mbili. Mtoto wa fakiri ni fakiri, basi zaka yaweza kupewa yeye au mlezi wake, akanunua nguo za skuli, vitabu na chakula cha mchana, na katika hilo hatujui khitilafu. Ama kujenga darasa au kumlipa mwalimu kwa mali ya zaka, wengi wa wanazuoni hawakuliruhusu, kwa sababu zaka hutaka mtu aimiliki, na darasa huingiwa na tajiri na maskini. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wamelipanua fungu la fi sabilillahi likaingiza hayo, nasi twaona salama ni kubaki na kauli ya wengi na kuacha zaka kwa watoto wenyewe. Kwa darasa na mwalimu iko sadaka, na iko wakfu, ambayo ndiyo mashine iliyoziendesha madrasa za Waislamu karne na karne. Wazee wetu waliweka wakfu nyumba na minazi kwa ajili ya mafuta ya taa za msikiti. Taa sasa ni za umeme, na mwenye kutaka kuweka wakfu mpya aweza kusema katika hati yake kuwa kodi ya vyumba viwili ni mshahara wa mwalimu mmoja wa kusomesha kusoma na kuandika katika skuli fulani ya serikali, na mwangalizi wake ajulikane kwa jina, na hisabu yake isomwe msikitini kila mwaka.

Asiye na nyumba ya kuweka wakfu asidhani kuwa ametoka. Mikutano ya wazazi huitwa kwa barua, na mlango wake haufungwi kwa mtu wa mtaa. Fedha ambazo serikali huzipeleka kwa kila mtoto zina hisabu, na wazazi wana haki ya kuiona. Wanaohudhuria wengi hawajui kuisoma. Wanaojua kuisoma, saa ile, wako katika foleni ya magari nje ya skuli za wana wao.